UZI: Kwenye kriketi eti anayeiba hatua ndo muungwana, anayemkamata ndo mhuni?

Mkaa Slipu (mleta mada)

Wakuu salama. Najua jukwaa hili ni la Simba na Yanga ila wapenda kriketi tupo humu, tena wengi kuliko mnavyodhani, kwahiyo leo mtuvumilie. Huu mjadala ulianzia kwenye grupu letu la Wasap ukaisha vibaya, watu wawili walijitoa, nikaona bora niulete huku kwa watu wazima.

Hoja yenyewe: mtu akitolewa kihalali kabisa, sheria inasema auti, ampaya (mwamuzi) kasema auti, ila namna alivyotolewa inaonekana ya kihuni, wa kulaumiwa ni nani? Na kwa nini siku zote analaumiwa yule aliyekuwa macho na siyo yule aliyelala?

Nianze na Lord's, ule uwanja wa London, maana ndo iliyowatoa watu kwenye grupu. Test (mechi ya siku tano) ya pili ya Ashes, shindano la Uingereza na Australia, siku ya tano, tarehe 2 Julai 2023. Uingereza wanafukuzia rani (pointi) 371 na Jonny Bairstow yuko krizi, yaani ndani ya mstari wa mpigaji, na rani zake 10. Cameron Green wa Australia anarusha bansa, mpira unaodunda juu, Bairstow anainama, mpira unampita unaenda kwa kipa Alex Carey. Bairstow akakwaruza chini kwa kiatu kama kuweka alama, akatoka zake kwenda kuongea na mpigaji mwenzake Ben Stokes, hajageuka hata kuangalia mpira uko wapi. Sasa hapa nisikilizeni vizuri, Carey hakuushika mpira akatulia akimvizia, hapana. Aliudaka na kuurusha kwenye stampu (vile vijiti vitatu) kwa mwendo mmoja, Bairstow akiwa bado ndani, na mpira ulipofika jamaa tayari keshatoka nje ya krizi. Ampaya wa tatu Marais Erasmus akaangalia picha, auti. Uingereza rani 193, sita wameshatolewa.

Aisee uwanja ule wa watu wa suti na tai uligeuka soko. Wanawaimbia Waaustralia kwamba nyie ni walewale, wadanganyifu siku zote. Wakati wa lanchi wachezaji wakipita Long Room, chumba ambacho kukipata uanachama unasubiri miaka na miaka, wanachama wakaanza kuwatolea maneno Usman Khawaja na David Warner mpaka walinzi wakaingilia, baadaye klabu ikawasimamisha watatu. Stuart Broad wa Uingereza akaingia kupiga akawa kila mpira ukipita anarudisha bati ndani ya krizi kwa mbwembwe kama mtoto aliyechapwa. Stokes kwa hasira akapiga 155, siksa (mapigo ya rani sita) 9 ndani yake, ila wapi, wakafungwa kwa rani 43. Mpaka mawaziri wakuu wakaingia, Rishi Sunak wa Uingereza huku analalamika na Anthony Albanese wa Australia kule anatetea vijana wake. Kwa ajili ya stampu moja!

Sheria inasemaje? Mpira haufi kwa sababu mpigaji kajisikia umekufa. Unakufa pale ampaya anapoona timu inayofildi NA wapigaji wote wawili wameacha kuuhesabu kuwa uko mchezoni. Carey alikuwa ameacha? Mtu ambaye mpira ushamtoka mkononi unaelekea kwenye stampu utasemaje ameacha?

Ila kilichonichekesha kuliko vyote ni kocha wa Uingereza, Brendon McCullum, kusema haoni wakikaa kunywa bia na Waaustralia hivi karibuni. McCullum huyuhuyu! Desemba 2006 Christchurch, yeye ndo kipa wa New Zealand. Kumar Sangakkara wa Sri Lanka anapiga peke yake, wenzake wameisha, kabaki na Muralitharan namba 11, mpigaji wa mwisho. Sangakkara anafikisha mia, Murali anamaliza rani, anagusa krizi, anageuka kwenda kumpa mkono mwenzake, mpira ndo unarudi kutoka kwa fielda, McCullum akaupokea akavunja wiketi, yaani zile stampu. Rani auti (katolewa kwenye kukimbia), inningsi (zamu ya timu kupiga) imeisha, Sangakkara kabaki na 100 yake bila pongezi. Kwa haki yake McCullum aliomba radhi hadharani mwaka 2016, hapohapo Lord's kwenye mhadhara, Sangakkara kakaa anamsikiliza. Hilo namheshimu. Ila miaka saba baadaye analalamika kwa kosa lilelile na kwenye kiwanja kilekile.

Haya karibuni, matusi tuache nje.

---

Ngumi Jiwe

Mkuu mimi ni mtu wa mpira wa miguu, kriketi naiona kwa majirani zetu Wahindi hapa Upanga jioni. Nimesoma yote ila sijaelewa hiyo ya kuiba hatua kwenye kichwa cha uzi, huyo Bairstow kaiba nini? Fafanua kwa lugha ya Kariakoo.

---

Mkaa Slipu

@Ngumi Jiwe swali zuri, Bairstow hajaiba kitu, alilala tu. Wezi ni wengine, ndo nilikuwa nakuja huko.

Iko hivi. Uwanjani wapigaji wanakuwa wawili, mmoja anapiga, mwingine kasimama upande wa mrushaji akisubiri kukimbia. Ili rani ihesabike lazima wabadilishane pande. Sasa huyu anayesubiri ana ujanja, mrushaji akianza kukimbia na yeye anaanza kutembea, mpira unapoachiwa yeye keshatoka mita moja au mbili nje ya krizi. Kwenye rani ya kukimbizana hiyo mita ndo kila kitu. Mrushaji akimuona anaruhusiwa kutorusha, anageuka anavunja stampu, jamaa auti.

Hii kitu ilipewa jina la mtu, Vinoo Mankad wa India. Desemba 1947 pale Sydney alimtoa hivyo Bill Brown wa Australia. Na alikuwa keshamfanyia hivyohivyo kwenye mechi nyingine ya ziara ileile, tena alimuonya kwanza! Magazeti ya kule yakachachamaa, ila Don Bradman mwenyewe, nahodha wa waliotolewa, akamtetea Mankad kwamba sheria ndivyo ilivyo. Na bado jina likabaki kama tusi. Mtu alipiga 72 na 184 Lord's 1952 kwenye Test moja na wiketi tano akachukua humohumo (yaani katoa wapigaji watano), mtu alifungua inningsi na Pankaj Roy mwaka 1956 wakaweka 413, halafu dunia inamkumbuka kwa kumkamata mwizi. Mimi hilo jina silitumii na nyie msilitumie kwenye uzi wangu.

---

Mwana wa Parklands

Niaje wadau, Nairobi hapa. Mleta mada umeongea poa lakini umeruka Courtney Walsh na huwezi kuongea hii story bila Walsh.

World Cup 1987, Lahore. Pakistan na West Indies. Ova (mipira sita) ya mwisho Pakistan wanataka rani 14, wamebaki na wiketi moja, Walsh ndiye anarusha. Abdul Qadir kapiga siksa, sasa imebaki mpira wa mwisho wanataka mbili. Walsh anakuja, anaangalia hivi, Saleem Jaffar yule wa upande wake ametoka krizi kitambo. Alikuwa anavunja tu stampu mechi imeisha, West Indies wameshinda. Walsh akasimama, akamuangalia, akamwambia rudi. Akarudi kurusha, Qadir akapata rani zake, Pakistan wakashinda kwa wiketi moja. Na unajua nini, West Indies hawakufika nusu fainali, mara ya kwanza tangu World Cup ianze. Hao wasee walikuwa wamecheza fainali zote tatu za kwanza!

Watu wanamsifu mpaka leo, Wapakistani wakampa na zulia. Sasa swali langu, wenzake kwenye chumba walimpa nini?

---

Mzee wa Krizi

Mimi nimecheza huu mchezo tangu enzi hizo tukivaa nyeupe tupu na tukipiga kwenye mkeka wa nyuzi za minazi, kwahiyo mtanisamehe vijana nikisema mnauharibu. Kriketi siyo mahakama. Sheria zenyewe zina dibaji inayozungumzia roho ya mchezo, imewekwa rasmi mwaka 2000 kwa juhudi za Ted Dexter na Colin Cowdrey, siyo mapambo yale. Mchezo ambao mtu hatolewi mpaka wapinzani waombe, yaani ampaya anaona kabisa umetoka ila hafungui mdomo mpaka aulizwe, mchezo huo umejengwa juu ya hiari ya watu. Ukiondoa hiari unabaki na nini?

Mfano wangu ni Dhoni, aliyekuwa nahodha wa India. Trent Bridge, 31 Julai 2011, mpira wa mwisho kabla ya chai. Eoin Morgan kapiga, Praveen Kumar kaukimbilia mpaka ukingoni akaanguka nao, hata yeye mwenyewe hakujua kama umegusa kamba ama la. Ian Bell wa Uingereza yuko 137, akadhani ni nne (rani za mpira kufika kwenye kamba ya mpaka), akaanza kutembea kwenda kunywa chai. Mpira ukarudishwa, wiketi ikavunjwa, auti. Halali kabisa! Andrew Strauss na kocha wao Andy Flower wakaenda kwenye chumba cha India wakati wa chai wakaomba, Dhoni akaongea na wachezaji wake wakakubali kuondoa rufaa. Bell akarudi, uwanja mzima uliokuwa unawazomea Wahindi ukawapigia makofi. India walifungwa vibaya mechi ile lakini ICC, shirikisho la kriketi duniani, mwaka 2020 ikampa Dhoni tuzo ya roho ya mchezo ya muongo mzima. Sasa Pat Cummins, nahodha wa Australia pale Lord's, alishindwa nini kufanya hivyo? Nahodha ana uwezo wa kuondoa rufaa, imeandikwa kwenye sheria hizohizo mnazozipenda.

---

Mkaa Slipu

Shikamoo mzee. Hoja yako ni nzito na sitaikimbia, ila tuitazame vizuri hiyo ya Bell.

Kwanza, kwa maandishi nahodha anatakiwa aondoe rufaa kabla mtu hajatoka uwanjani. Bell alikuwa keshaingia ndani anavua glavu. Maana yake hata huo uungwana ulihitaji maampaya wafumbe jicho kidogo. Sawa, siwalaumu, ila tusijifanye kwamba sheria huwa tunaiheshimu sana siku tunapopenda matokeo.

Pili na hapa ndo penye utamu. Ni nani walioenda kuomba? Uingereza. Na Gundappa Viswanath mwaka 1980 pale Bombay, kwenye Test ile ya jubilii, alimrudisha nani? Bob Taylor wa Uingereza, ampaya keshamtoa, nahodha wa India anasema hapana hajagusa huyu, rudi. Taylor akakaa na Ian Botham wakajenga ushirikiano mrefu na India wakapoteza mechi. Virender Sehwag, nahodha wa India siku ile, naye Brisbane 2012, kijana Ashwin kamtoa Thirimanne wa Sri Lanka kwa haki kwa kutoka krizi mapema, Sehwag na Tendulkar wakashauriana wakaondoa rufaa, na Sri Lanka wakashinda mechi. Mnaona mtiririko? Wahindi wametoa na kutoa. Ashwin nadhani siku ile alijifunza somo, maana mwaka 2019 kwenye IPL, ligi ya India, pale Jaipur, safari hii nahodha ni yeye mwenyewe, Jos Buttler yuko 69 anakimbiza mechi, akamvunjia stampu na hakuna wa kumwambia aondoe. Rajasthan, timu ya Buttler, walikuwa na rani 108 na mmoja tu katolewa, wakaanguka, wakafungwa kwa 14. Dunia ikamtukana Ashwin mwezi mzima.

Mimi nasema hivi mzee wangu, kurudisha mtu ni ukarimu. Ukarimu mtu anautoa akipenda. Mkishaanza kuudai mlangoni huku mmekunja ngumi huo siyo ukarimu tena, ni kodi.

---

Kijana wa Ova

Umemtaja Buttler, usisahau hakuanza kukamatwa na Ashwin. Juni 2014 Edgbaston, Sachithra Senanayake wa Sri Lanka alimtoa vilevile, tena baada ya kumuonya mara mbili! Maonyo mawili mtu haelewi. Ampaya akamuuliza nahodha wa Sri Lanka, unaendelea na rufaa? Nahodha akasema naendelea. Alastair Cook, nahodha wa Uingereza, akakasirika kweli.

Na huyo nahodha wa Sri Lanka mnamjua ni nani? Angelo Mathews.

Kaeni na hilo jina.

---

Mwana wa Parklands

Weee 😂😂 usiniambie. Mathews wa helmeti??

---

Kijana wa Ova

Ndo huyohuyo. Delhi, 6 Novemba 2023, World Cup, Bangladesh na Sri Lanka. Samarawickrama katoka, Mathews anaingia taratibu, kafika krizi, anakaza mkanda wa helmeti, mkanda ukakatika. Akaashiria aletewe nyingine bila kumuomba ampaya wala Shakib, nahodha wa Bangladesh. Shakib akapewa fununu na mwenzake kwamba ukiomba huyu ni auti, akaomba. Maampaya wakamuuliza, una uhakika unataka? Anataka. Mathews akamfuata Shakib akamwelezea, akamwomba, Shakib kagoma. Auti kwa kuchelewa, mtu wa kwanza kwenye kriketi yote ya kimataifa tangu ianze kuchezwa!

Sheria kuu inasema dakika tatu, kwenye ile World Cup ilikuwa mbili tu. Ampaya wa nne alieleza kwamba hata kabla mkanda haujakatika muda ulikuwa ushapita, Mathews naye akaja na video yake anahesabu sekunde kwamba alikuwa amebakiza tano. Bangladesh wakashinda kwa wiketi tatu, Shakib kapiga 82 na aliyemtoa ni nani? Mathews, akamwonyesha saa ya mkononi huku anatoka 😅. Hawakupeana mikono mwisho wa mechi.

Kwahiyo 2014 alipokuwa nahodha sheria ni sheria. 2023 alipokatikiwa mkanda, busara iko wapi jamani. Simchukii Mathews, mchezaji mkubwa sana, ila hapo ndo unaona roho ya mchezo inavyohamahama kulingana na nani kaumia.

Na Bangladesh nao wiki sita tu kabla ya hapo, Septemba 2023 Mirpur, Hasan Mahmud alimtoa Ish Sodhi wa New Zealand kwa kutoka krizi mapema, ampaya wa tatu kathibitisha, Sodhi anaondoka zake, Litton Das nahodha wa siku ile akamwita rudi. Sodhi akarudi akamkumbatia mrushaji. Halafu akachukua wiketi sita, Bangladesh wakafungwa. Sasa mkijiuliza kwa nini Shakib alikuwa mgumu Delhi, mimi nina dhana yangu.

---

Dada wa Lugogo

Nyie wote mnaongea Lord's na Delhi, mtu hakumbuki ya kwetu huku? Naishi Kampala na nitawaambia. Septemba 2021, Gaborone, mashindano ya Afrika ya wanawake ya kufuzu World Cup ya T20 (mechi fupi za ova 20). Uganda na Cameroon. Cameroon ndo kwanza wanaingia kwenye mashindano ya kimataifa, wageni kabisa. Wana mrushaji binti wa miaka 16, Maeva Douma. Dada zetu wa Uganda wakawa wanatoka krizi mapema kama kawaida. Douma akamkamata wa kwanza. Haya. Akamkamata wa pili. Wa tatu. WA NNE. Inningsi moja watu wanne, mrushaji mmoja!

Uganda walishinda bila shida, Cameroon walitoka wote kwa 35. Ila mimi sikumlaumu yule binti hata kidogo. Wa kwanza umekamatwa sawa umeteleza, wa pili labda hujaona, sasa wa tatu na wa nne mlikuwa mnafanya nini? Mtu anawaona wenzake wanatolewa kwa kutoka krizi na yeye anatoka krizi. Huyo siyo wa kuonewa huruma, huyo arudishwe mazoezini.

---

Mkaa Slipu

@Dada wa Lugogo hii ilitakiwa iwe kwenye bandiko langu la kwanza. Na yule binti hakuwa na hizo fikra za Long Room, alifundishwa sheria akaicheza ilivyo. Ukimfundisha mtu mgeni mchezo huu leo, ukamwambia hapa mstari, usitoke kabla ya mpira, ukitoka unaweza kutolewa, halafu umwambie ila wakitoka usiwatoe, atakuuliza sasa mstari wa nini?

Kwa wanawake pia kuna Deepti Sharma wa India na Charlie Dean wa Uingereza, Lord's tena (huo uwanja una matatizo), Septemba 2022. Siku ya kuagwa Jhulan Goswami, mkongwe wa India. Uingereza wanataka rani 17, wiketi moja imebaki, Dean yuko 47 na anaelekea kuipindua mechi. Deepti akamvunjia. Dean akalia pale uwanjani, na mimi nilimwonea huruma, nisiseme uongo. Ila kuna mwandishi alirudi kuangalia mechi nzima akahesabu, Dean alikuwa ametoka krizi mapema zaidi ya mara 70. Sabini! Deepti akasema tulimuonya, Heather Knight wa Uingereza akasema hakuna onyo. Ugomvi wa onyo hauna maana kabisa maana sheria haidai onyo popote.

Na wiki ileile kufika tarehe 1 Oktoba 2022 sheria mpya zikaanza kazi, MCC, klabu inayotunga sheria za kriketi, wakakitoa hiki kipengele kwenye sheria ya 41 ya mchezo usio wa haki wakakipeleka sheria ya 38, rani auti ya kawaida. Wenye sheria wenyewe wamesema ni auti kama auti nyingine.

---

Mzee wa Krizi

Mnanijibu kwa mifano ya wapigaji wanaoiba hatua, na hapo naweza kukubaliana nanyi kiasi, mwizi ni mwizi. Lakini Bairstow hakuiba chochote, mleta mada kasema mwenyewe. Hakuwa anatafuta rani. Ova imeisha, kaenda kuzungumza na mwenzake kama ambavyo wapigaji wamefanya tangu babu yangu hajazaliwa. Carey kapata faida gani ya kimchezo pale zaidi ya kumkuta mtu kasahau? Tofauti hiyo hamuioni?

---

Mkaa Slipu

Naiona mzee, na ndo maana mimi ningekuwa Cummins... sijui, pengine ningeondoa. Walahi sijui. Ila kuna mambo mawili.

La kwanza ni la 1882. Agosti, uwanja wa Oval, Uingereza na Australia. Kijana wa Australia Sammy Jones anapiga na nahodha wake, wamekimbia rani, Jones kafika krizi, akatoka hatua chache kusawazisha pichi kwa bati. Yaani Bairstow mtupu! Na aliyekuwa ameshika mpira ni W.G. Grace, yule mwenye ndevu, baba wa kriketi ya Kiingereza, sura ya uungwana wote mnaousema. Grace akavunja wiketi akaomba, auti. Fred Spofforth, mrushaji wa Australia, alikasirika akaingia kwenye chumba cha Waingereza kumwambia Grace maneno yake, kisha akatoka akachukua wiketi 7 kwa rani 44. Uingereza walitaka 85 tu, wakatoka kwa 77. Wakafungwa kwa 7, gazeti likaandika tanzia ya kejeli kwamba kriketi ya Uingereza imekufa na majivu yatapelekwa Australia, na hapo ndo Ashes (yaani majivu) ikapata jina. Kwahiyo shindano lenyewe walilokuwa wanalicheza Lord's 2023 lilizaliwa kwenye mechi ambayo Muingereza alimtoa Muaustralia kwa namna ileile. Hao wa Long Room wamekaa chini ya picha ya Grace wanamzomea Carey.

---

Mwana wa Parklands

Hiyo ya Grace imenimaliza 😂😂😂

Lakini wacha nimsaidie Mzee kidogo, kuna upande mwingine wa uungwana, ule wa mpigaji mwenyewe. March 2003, nusu fainali ya World Cup, Port Elizabeth, Australia na Sri Lanka. Adam Gilchrist wa Australia kagusa mpira wa Aravinda de Silva, kipa kadaka, ampaya Rudi Koertzen akatikisa kichwa, siyo auti. Gilchrist akaondoka mwenyewe! Nusu fainali! Mimi ile wiki naikumbuka sana kwa sababu siku mbili baadaye nusu fainali ya pili Durban ilikuwa sisi, Kenya ya Steve Tikolo na India. Kenya wandugu. Collins Obuya tayari alikuwa amewamaliza Sri Lanka pale Nairobi Gymkhana, wiketi 5 kwa 24. Nipeni dakika moja nilie halafu nirudi.

Sawa nimerudi. Weka Gilchrist kando ya Broad pale Trent Bridge 2013. Broad kagusa mpira wa Ashton Agar, ukagonga glavu ya kipa ukaenda mpaka kwa Michael Clarke aliyesimama slipu, pembeni ya kipa, mtu aliye barabarani nje ya uwanja anaona. Ampaya Aleem Dar hajaona, Australia wamemaliza rivyu zao (nafasi za kuomba picha iangaliwe). Broad kasimama tuli, anaangalia anga. Uingereza walishinda kwa rani 14. Na huyo Broad ndiye aliyemwambia Carey mwaka 2023 kwamba atakumbukwa kwa jambo lile tu maisha yake yote. Mzee mimi nakupenda lakini hao watu wenu ndio wanatuharibia roho ya mchezo.

---

Ngumi Jiwe

Aisee nimesoma mpaka hapa na sikutegemea. Hii ni kama kule kwetu mtu akiumia mpira unatolewa nje, wenzio wakirudisha sawa, wasiporudisha vita. Swali moja la mwisho, hao wanaosubiri upande wa mrushaji dawa yao ni nini? Maana kila mtu anasema mrushaji aachwe, mpigaji aachwe.

---

Kijana wa Ova

Dawa ipo na ni ya bure, kutazama. Glenn Phillips wa New Zealand, World Cup ya T20 2022, Sydney, na Sri Lanka hao hao. Mtu anapiga 104 siku hiyo, ova ya mwisho yuko upande wa mrushaji, akainama kama mkimbiaji wa mita mia anayesubiri bastola, bati nyuma ndani ya krizi, macho kwa mkono wa mrushaji. Mpira unatoka na yeye anatoka. Picha ile ilizunguka dunia nzima watu wanacheka, mimi naona ndo somo zima.

Na mrushaji naye ana mipaka yake. Januari 2023 Adam Zampa alijaribu kumtoa mtu kwenye Big Bash, ligi ya Australia, akapiga stampu vizuri tu, ila mkono wake ulikuwa ushapita juu kabisa, yaani alikuwa keshafika pale anapotarajiwa kuachia mpira. Siyo auti. MCC wakaja kuyaweka sawa maneno ya sheria baada ya hapo. Huwezi kufanya danganya toto, urushe mkono wote halafu ugeuke.

---

Mzee wa Krizi

Haya. Grace alikosea na Broad alikosea, hilo halimsafishi Carey. Makosa matatu siyo haki moja. Na mleta mada umesema una mambo mawili, la pili liko wapi?

---

Mkaa Slipu

😂 Mzee huachi kitu. La pili hili hapa. Cummins baada ya mechi aliwaambia waandishi kwamba Bairstow mwenyewe hufanya hivyo kila mara, alijaribu kwa Warner siku ya kwanza ya mechi hiyohiyo, na kwa Steve Smith 2019. Na kwenye ligi ya kaunti za Uingereza mwaka 2014, Bairstow akiwa kipa wa Yorkshire, alimtoa Samit Patel wa Nottinghamshire kwa kumrushia stampu mtu akiwa ametoka krizi. Kwahiyo kati ya wachezaji wote 22 waliokuwa Lord's siku ile, aliyetakiwa kujua kuliko wote kwamba kipa anaweza kurusha ni huyo aliyekuwa anatembea.

---

Mzee wa Krizi

Ya Samit Patel sikuwa naijua. Ngoja nikaitafute video, nikiiona nitarudi. Ila Dhoni angemrudisha, andika hilo.